Chupa za Fundi Salumu

Neema, binti aliyerithi meza yangu pale maabara, ameniomba niwaandikie ninyi wadogo zangu mambo ya kazi kabla sijaanza kuyasahau. Nimemwambia sitagusa habari za vyeo, kwa sababu vyangu vilikuja vimechelewa na havikumponya mtu. Mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika juu ya mkojo, maana ndio nilioushughulikia toka ujana hadi nimestaafu, na juu ya wasiwasi, maana huo haukuwahi kuomba likizo.

Nilianza kazi Musoma nikiwa msichana wa Butiama mwenye viatu vya kubana. Nilikabidhiwa kwa Bwana Magesa, mkuu wa maabara, mtu mfupi na mkavu ambaye koti lake jeupe lilikuwa limefuliwa mpaka likawa jepesi kama chandarua. Hakuniuliza nilisoma wapi. Alinipa kopo la mkojo mwekundu akataka nimwambie naona nini. Nikajibu kwamba ni mkojo wenye damu. Akatikisa kichwa. Akasema ule ulikuwa wa kijana fulani mchunga ng'ombe, akamtaja kwa jina, akasema anaogelea kwenye lambo kila mchana, na kwamba pale kwake mtu anatajwa kwanza, damu inafuata. Nilidhani ananichosha tu kwa sababu mimi mgeni. Baadaye nikagundua alikuwa anamchosha kila mtu vivyo hivyo, hata daktari mkuu.

Darubini yetu ilikuwa ya kioo cha kuakisi mwanga wa jua. Unaketi dirishani, unageuza kioo mpaka jua likuingilie jichoni, ndipo unatafuta mayai ya kichocho, yale yenye mwiba mkiani. Wingu likipita kazi inasimama. Bwana Magesa alikuwa akilalamikia mawingu kana kwamba yanatoka ofisi ya jirani. Nyie mmekuta darubini za umeme, na umeme ukikatika mnalalamikia shirika, kwa hiyo sioni tumepishana sana.

Alikuwa na taratibu yake moja ambayo niliichukua nikaitumia hadi mwisho. Majibu mazuri yalikaa dirishani mpaka mwenyewe aje, au alipewa mtu yeyote wa kijiji chake ampelekee. Majibu mabaya aliyapeleka mwenyewe kwa baiskeli. Alisema mtu hawezi kusikia habari ya namna hiyo akiwa amesimama kwenye foleni, na haifai aisikie kutoka kwa konda. Simu zilipokuja mimi nikaibadilisha kidogo tu: mazuri nilipiga simu, mabaya nilipanda bodaboda nikaenda.

Ubaya wa taratibu hiyo ni kwamba watu huijua. Wagonjwa wangu walipeana habari, na baada ya muda sura yangu ikawa mkosi. Kuna siku nilikwenda Makoko kununua sato, mama mmoja niliyewahi kumpima mumewe akaniona kwa mbali, akaingia ndani akafunga mlango. Nilirudi nyumbani Mwisenge bila samaki.

Kesi iliyonifundisha kuogopa saratani ya kibofu ilikuwa ya Mzee Marwa, jirani ya nyumbani kwetu Butiama. Alikuwa akikojoa damu. Tukampa dawa za kichocho, damu ikapungua, ikarudi, tukampa tena. Mwishowe sikuona yai hata moja na damu bado ipo. Akapelekwa Mwanza, wakampitishia kamera kwenye njia ya mkojo, wakaona uvimbe, wakaukwangua. Walimwambia ugonjwa huu una tabia ya kurudi, na kila baada ya miezi michache lazima aende achunguliwe tena. Akaenda mara moja. Aliporudi aliwaambia wanawe kwamba ng'ombe ndiye anayeingizwa vitu namna ile, si mtu mzima mwenye wakwe. Hakwenda tena. Damu ilipoonekana safari iliyofuata, ugonjwa ulikuwa umeshapenya ukuta wa kibofu. Nilipanda kwenda Butiama nikiwa na majibu, na tulimzika kabla ya mavuno.

Kwa hiyo ule mradi wa kupima vinasaba kwenye mkojo ulipokuja niliupokea kwa mikono miwili. Mnaufahamu, lakini nieleze kwa ajili ya wale watakaosoma haya bila koti jeupe. Kila chembe ya mwili ina maelekezo yake ndani, ndiyo vinasaba. Uvimbe unaanza pale maelekezo yanapokosewa, na kosa lile hurithiwa na kila chembe inayozaliwa humo. Mgonjwa akikwanguliwa, kipande cha uvimbe kinasomwa na kosa lake linajulikana. Kibofu nacho kila siku kinapukutisha chembe ndani ya mkojo. Basi unachukua mkojo wake kila miezi mitatu, unatafuta lile kosa. Likionekana, ugonjwa huenda umeanza kurudi, hata kama hakuna damu na macho hayajaona kitu. Kamera bado ilikuwa lazima, lakini mkojo ungetuambia nani akimbizwe Mwanza mapema.

Fundi Salumu alikuwa wa kwanza kuandikishwa. Alikuwa fundi cherehani maarufu wa Nyasura, kule Bunda, mtu mrefu aliyekuwa na futi ya kupimia shingoni hata akija hospitali. Babu yake alitoka Ujiji, mama yake alikuwa wa hukuhuku, na mkewe Mwajuma ndiye aliyekuwa akikata vitambaa wakati yeye anashona. Uvimbe wake ulikuwa umekwanguliwa Mwanza, na alirudi kutoka kwenye ile kamera na hasira ileile ya Mzee Marwa. Nilipomweleza habari za vinasaba alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema, "Kwa hiyo kuna karatasi ya kukatia imekosewa, na wewe unatafuta mashati yaliyokatwa na hiyo karatasi." Tangu siku hiyo nimewaeleza wagonjwa wote kwa maneno yake, na wameelewa kuliko walivyokuwa wakielewa maneno yangu.

Lakini alinipa sharti. Alisema mkojo ukiwa safi, haendi Mwanza. Ukiwa mbaya, atakwenda. Nilimbembeleza, daktari wetu akambembeleza, akawa mgumu. Hapo ndipo maisha yake yote yalipokaa ndani ya chupa moja, na mimi nikaanza kukosa usingizi kwa ajili ya mtu ambaye si ndugu yangu.

Mara za mwanzo alitoa mkojo palepale hospitali na majibu yakaja safi. Nilimpigia simu, nikasikia cherehani ikisimama, kisha nikamsikia akimwambia Mwajuma, kisha cherehani ikaendelea. Baadaye mradi ukaona ni usumbufu kuwaita watu wa Bunda wote, wakatuletea chupa za kwenda nazo nyumbani. Ndani ya kila chupa kulikuwa na maji kidogo ya dawa, ya kuzihifadhi zile chembe zisiharibike njiani. Nilimwambia Fundi, naye akayarudia maneno yangu, kwamba yale maji yasimwagwe. Alikojoa asubuhi, akapanda gari la kwanza, akaleta. Majibu yakarudi kwamba mkojo haukusomeka. Akaleta mwingine. Haukusomeka.

Wenzangu wakalaumu barafu, wakalaumu basi linalopeleka sampuli, na mmoja akalaumu joto la Musoma kwa ujumla. Mimi nilikuwa nahesabu kichwani muda unaopita bila mtu yeyote kujua kibofu cha yule mtu kina nini. Taratibu ya Bwana Magesa haikuwa na nafasi ya majibu ambayo si mazuri wala si mabaya. Nilishika simu, nikaiweka. Nikaona niende, nikaangalie mambo yanafanyikaje huko nyumbani.

Niliposhuka kwenye pikipiki pale Nyasura, Mwajuma alikuwa mlangoni na mkasi mkononi. Aliniona, akaketi chini palepale kizingitini, juu ya vipande vya kitambaa. Fundi alibaki kwenye cherehani, mguu juu ya pedali, hakunyanyua macho. Nilisema kwa haraka kwamba sikuleta baya lolote. Hawakuniamini. Nikasema tena, nikaapa kwa Mungu wangu, na Fundi akasema taratibu, "Daktari, wewe hujagi kwa mtu kwa heri." Ilinichukua muda mrefu kuwatuliza.

Mwishowe nikaomba wanionyeshe chupa ya safari ijayo. Mwajuma akanipeleka uani. Chupa ilikuwa imepinduliwa juu ya jiwe, mbali na vyombo vya kulia, inang'aa kwa usafi. Nikamuuliza yale maji yako wapi. Akanitazama kama mtu anayeulizwa swali la kitoto.

"Si niliyamwaga? Yananukaga dawa. Nikaiosha na sabuni na maji ya moto. Sasa dada, mume wangu apeleke hospitali chupa chafu, nyie mtatuonaje?"

Hakuna aliyekuwa mzembe katika jambo hili. Fundi alikuwa anaikabidhi chupa kwa mkewe kama anavyokabidhi kila kitu kinachohitaji kuoshwa, na Mwajuma ni mwanamke ambaye hata maji ya udhu ya mumewe anayachuja. Mkojo kwao ni najisi. Kinachoubeba, angalau kiwe kimeoshwa kabla ya kupelekwa mbele za watu. Maelekezo niliyatoa kwa mwenye kibofu, na chupa ilikuwa mikononi mwa mwenye nyumba. Wadogo zangu, likaririni hilo kama mnavyokariri vipimo: uliza nani nyumbani anaosha vyombo, umweleze huyo.

Nilimwachia chupa mpya. Mwajuma akaifunga kwenye kitambaa cheupe na kuiweka juu ya kabati, mbali hata na mikono yake mwenyewe. Mkojo ule ulisafiri vizuri na ulisomeka. Kosa lilikuwepo.

Nilisoma ile karatasi nikiwa nimesimama, nikaenda nje, nikarudi nikaisoma tena. Kisha nikapanda bodaboda. Sasa sikilizeni lililonipata. Kwa vile mara ya kwanza nilikuja nikasema sikuleta baya na ikawa kweli, safari hii Mwajuma aliponiona alicheka. Alinijia mbio, akanipokea mkoba, akasema bila shaka nimekuja kukagua chupa zake. Akamtania mumewe kwamba daktari amenogewa na Nyasura. Kabla sijafungua mdomo nilikuwa nimeketishwa mkekani, chai ya maziwa iko mbele yangu na chapati zinachomwa. Nikanywa ile chai. Kila funda nilijiambia nikimaliza hili nasema. Alikuwa anafurahi mno, na mimi nilikuwa mwoga. Fundi ndiye aliyeona. Aliona siinui macho kutoka kwenye kikombe, akasema, "Mwajuma, acha chapati. Njoo ukae."

Alitimiza ahadi yake. Alikwenda Mwanza wiki ileile, akapitishiwa kamera, na daktari wa kule akaangalia kibofu chote asione kitu. Ukuta ulikuwa laini, hakuna uvimbe. Alimwambia arudi baada ya miezi mitatu, kwa sababu wakati mwingine vinasaba hutangulia macho. Fundi hakuisikia sehemu hiyo. Alichosikia ni kwamba hana kitu. Alipitia maabara kwetu akirudi Bunda, akiwa anatembea kwa taabu, akasimama dirishani.

"Nimeingizwa chuma kwa ajili ya karatasi yenu," alisema. "Kati ya mashine yenu na mwili wangu, mmoja ni mwongo. Na mimi sijawahi kuuona mwili wangu ukidanganya."

Sikujua mwongo ni yupi. Kipimo chochote kinaweza kukosea, na nilikuwa nimewapotezea amani watu wawili wema. Nikijaribu kulala nilisikia pedali ya cherehani. Kuna usiku nilijikuta natamani ugonjwa uonekane, ili tu nisiwe nimemtesa bure, na nilipolitambua tamanio hilo nililichukia kiasi cha kuamka nikawasha taa. Nawaambia hili kwa sababu litawapata na ninyi. Likija, msilifanye rafiki.

Miezi mitatu ilipokaribia Fundi hakupokea simu zangu. Nami niliogopa kwenda. Mtu aliyekukasirikia hivyo ukimtokea mlangoni unamfukuza zaidi. Aliyekuja ni Mwajuma. Alifika Musoma peke yake na chupa imefungwa kwenye kile kitambaa cheupe, akaiweka dirishani. Nikamuuliza kama Fundi anajua. Akasema Fundi mwenyewe ndiye aliyempa, kwa hiari yake, ila amesema hataki kusikia majibu. "Mimi nataka," Mwajuma alisema. "Nisipojua naona kama nalala na mtu aliyekufa, daktari. Namshikaga kifua usiku kusikiliza."

Kosa lilikuwepo bado, na lilionekana zaidi kuliko mara ya kwanza. Sijui Mwajuma alimwambia nini mumewe nyumbani. Najua tu kwamba alifunga kibanda cha ushonaji, akachukua ufunguo, akamwambia kitafunguliwa wakirudi kutoka Mwanza. Safari hii daktari aliona doa dogo kama punje ya choroko, nyuma kabisa ya kibofu, mahali ambapo ungepita bila kulitazama. Akalikwangua. Halikuwa limepenya popote. Doa la Mzee Marwa nalo lilikuwa dogo namna hiyohiyo siku moja, ila siku hiyo hakuna aliyekuwa anaangalia.

Baada ya hapo tulipata kipindi kizuri. Chupa zilikuja kila miezi mitatu, majibu yakawa safi, nikapiga simu, cherehani ikasimama, cherehani ikaendelea. Fundi na mimi hatukuzungumza tena habari ya nani mwongo. Kamera ya Mwanza aliiendea bila kusukumwa, akilalamika njia nzima, kwa mujibu wa Mwajuma. Kisha siku zangu zikafika, nikakata keki ya kustaafu iliyokuwa na sukari kupita kiasi, nikamkabidhi Neema funguo za jokofu na orodha ya watu wanaopigiwa simu.

Jana Neema alinipigia. Majibu ya Fundi Salumu yalikuwa yamefika na kosa limerudi. Hakuwa anajua nyumba yake, na alikuwa anaogopa. Sauti yake ilinikumbusha yangu. Nikamwambia anisubiri, nitampeleka mwenyewe Nyasura. Nilibadilisha nguo, nikatembea haraka toka Mwisenge mpaka hospitali, na nilipoingia kwenye korido ya maabara nikamkuta Fundi Salumu ameketi kwenye benchi, futi shingoni.

Nilimuuliza anafanya nini pale. Akasema siku za simu zilikuwa zimepita na simu haikulia, kwa hiyo alijua tutakuja, na hakutaka tuje.

"Mwajuma akiona mtu anashuka kwenye pikipiki, roho inamtoka," alisema. "Ameteswa vya kutosha na hizo pikipiki zenu. Nipeni mimi. Nitampelekea mwenyewe."

Neema alimpa. Aliisoma karatasi polepole, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa shati. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira au machozi yake, na yaliyotoka yalikuwa machozi yangu. Aliniacha nijifute. Kisha akaniuliza swali ambalo katika miaka yangu yote hakuna mgonjwa aliyewahi kuniuliza.

"Dada, wewe umefanyaga hii kazi. Nikifika naanzaje?"

Nilimwambia aseme akiwa bado amesimama, kabla mkewe hajamkaribisha kitu. Amwambie imerudi, na papo hapo amwambie siku ya kwenda Mwanza, asimwachie nafasi katikati. Akarudia maneno hayo kwa sauti ya chini, mara mbili, kama mtu anayeshika vipimo vya mteja. Akaaga, akaenda stendi.

Jioni Mwajuma alinipigia. Alisema ameambiwa, mlangoni, hata viatu hajavua. Nikasikia watu wakipita barabarani kwao. Kisha akaniuliza kama bado itakuwa ndogo. Nilitamani sana kumwambia ndiyo. Nikamwambia sijui, daktari ndiye atakayeangalia.

Hiyo ilikuwa jana. Ninapoandika haya wako njiani kwenda Mwanza, wote wawili, na kibanda kimefungwa. Mwajuma ameniahidi kwamba ikiwa ni nzuri atapiga simu. Hakusema kama ni mbaya atafanya nini, nami sikuthubutu kumuuliza. Simu nimeiweka mezani. Tangu asubuhi nimeketi mahali ninapoliona lango, na kila pikipiki inayopunguza mwendo nje ya nyumba yangu, kalamu inasimama.